Hamusi ya Mama Ester

Kama umewahi kula ugali kwa mboga iliyobuniwa kwa ajili ya watalii, basi ama umefanya kazi lodji, ama wewe ni jirani wa Vumilia. Mimi ni jirani. Duka langu liko ng'ambo ya barabara, hapa Rhotia, na kwa miaka kadhaa sasa nimekula hamusi ya mwanamke huyu pamoja na kila kitu ambacho Mungu amekiotesha kwenye udongo wetu mwekundu, na mara mbili tatu pamoja na vitu ambavyo nadhani Mungu hakuvikusudia. Jina langu ni Rahel, ila watu huniita Mama Filbert, na wanaosema nina mdomo hawajakosea sana.

Vumilia si mzaliwa wa hapa. Ni Mnyaturu wa Singida. Wazazi wake walikuja Karatu kufanya vibarua vya kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikulia kambini, kwenye nyumba za mstari mmoja ambako Mgogo, Mrangi na Mmbulu walipika karibu karibu na kuonjana mboga. Nadhani tabia yake ya kufunua sufuria za watu bila kuomba ilianzia huko. Hata leo akiingia jikoni kwangu, kifuniko kinaondoka kabla hajasema hodi.

Aliolewa na Damiano, Mwiraqw wa hapahapa, mkulima wa mahindi, maharage na dengu, mtu mpole asiyependa kubadilishiwa chakula. Wakampata Ester, mtoto wao wa pekee. Ester alipoanza shule, Vumilia akaomba kazi kwenye lodji moja huku juu, njia ya kwenda Ngorongoro. Alianza kwa kuosha vyombo. Baada ya miaka miwili akapandishwa kumenya viazi, halafu akawekwa upande wa saladi, na huko ndiko alikokutana na hamusi.

Mpishi mkuu wakati huo aliitwa Valeriani, mtu wa Mbulu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe. Siku ya kwanza alipomwonyesha Vumilia jinsi ya kuitengeneza, Vumilia alichungulia kwenye bakuli akauliza, "Lakini mpishi, hizi si dengu zetu zimepondwa tu?"

"Ndizo," Valeriani akamjibu. "Ila usiwaambie wageni, wamesafiri mbali."

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Kisha ukaja ule mwaka wa korona, ndege zikakoma, magari ya watalii yakaegeshwa Karatu mjini mpaka majani yakaota chini ya matairi, na lodji ikawarudisha watu nyumbani. Wenzake wengi walirudi na huzuni. Vumilia alirudi na aproni yake nyeupe, akaingia jikoni kwake siku ileile, akaloweka dengu.

Hamusi, kwa asiyeijua, ni dengu zilizochemshwa mpaka zinapondeka kwa vidole viwili, zikatwangwa pamoja na ufuta uliokaangwa, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, mpaka vyote viwe rojo laini, jeupe lenye umanjano wa mbali. Juu yake unamwagia mafuta kidogo. Lodji walitumia mafuta ya zeituni yaliyokuja kwa ndege. Vumilia anatumia ya alizeti yanayokuja kwa basi kutoka kwa kaka yake Singida, kwenye dumu moja na kifuko cha ufuta kimefungwa juu yake, na anakuapia kwamba yake ni matamu zaidi.

Kinachowashinda wengi ni maganda. Dengu zetu ni ndogo na zina ganda la kahawia. Usipoliondoa, utapata hamusi yenye rangi ya tope. Kwa hiyo baada ya kuchemsha anazimwaga kwenye beseni la maji ya baridi, anazisugua taratibu kwa viganja, maganda yanaelea juu, anayachota na kuwapa kuku. Kazi hiyo huja kuifanyia dukani kwangu saa za jioni, akijua fika kwamba sitaweza kukaa nikimtazama tu. Nimesugua mabeseni mengi ya mwanamke huyu na sijawahi kupandishwa cheo.

Alianza na chapati, na hapo hakuna aliyebisha, maana chapati haina adui. Halafu akahamia kwenye viazi vitamu vya kuchemsha. Asubuhi unakipasua kiazi kingali cha moto, unapaka hamusi ndani, unanyunyizia pilipili, na chai yako ya rangi pembeni. Ukishakunywa chai hivyo unakwenda shambani na hukumbuki njaa mpaka saa nane. Hili nakwambia kwa sababu nimelijaribu kwa mwili wangu, si kwa kusimuliwa.

Na huko shambani pia ilifika. Siku za palizi Vumilia alikuwa anapaka hamusi kwenye chapati, anaweka nyanya na kitunguu vilivyokatwa vyembamba, anaikunja, anaifunga kwenye kitambaa. Mchana hakuna kuwasha moto wala kubeba mchuzi unaomwagika njiani. Vibarua waliotoka Dodoma walipoionja mara ya kwanza waliuliza kama kuna maziwa ndani. Wakaambiwa hakuna, wakaomba nyingine.

Kwenye ugali ndipo ulipotokea ugomvi. Damiano alisema waziwazi, "Mama Ester, mimi si mtalii. Ugali una mboga zake." Vumilia akaingia jikoni. Alichukua mchicha, akaukaanga kwa kitunguu na nyanya, na pale ambapo sisi wengine tungetia karanga za kusaga, yeye akaepua sufuria na kukoroga vijiko vitatu vya hamusi. Damiano akala, akasifu karanga, akauliza ni za wapi. Alipoambiwa ukweli akasogeza sahani yake mbele aongezewe. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayelalamika mchicha ukija mtupu.

Baada ya ushindi huo Vumilia hakushikika. Aliilegeza hamusi kwa maji yaliyochemshia dengu, akaiunga kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu, ikawa mchuzi mzito wa kumwagia wali. Aliikoroga kwenye makande dakika ya mwisho, makande yakalainika hata wazee wakaacha kuyaogopa. Aliponda kiini cha yai la kuchemsha ndani yake, akakirudisha kwenye ute wake, akawapa watoto wa jumuiya siku ya Pasaka. Aliipaka kwenye mahindi ya kuchoma. Ikibaki na kukauka, anaichanganya na unga kidogo na majani ya kitunguu, anakaanga vibonge, na vibonge hivyo ndivyo vinavyonifanya nifunge duka mapema.

Sasa nisimpambe mno. Aliwahi kuikoroga kwenye uji wa ulezi. Alisema itaongeza nguvu. Mimi nilikunywa funda moja kwa ajili ya urafiki, na urafiki wetu karibu uishie hapo. Wakati mwingine aliiacha bakulini siku mbili wakati wa joto, ikachacha, akatulisha akisema huo uchachu ni ndimu. Haikuwa ndimu. Kijiji kizima cha watu wanne tuliijua njia ya chooni usiku huo. Hayo mawili tumeshayazika, ingawa mimi huyafukua kila anapojisifu.

Maisha yakaenda hivyo kwa raha zake. Lodji zilipofunguliwa walimwita arudi, naye akakataa. Alisema amezoea kupika kwa watu anaowajua majina. Ester akamaliza chuo cha ualimu, akapangiwa shule ya msingi Piyaya, huko kwa wafugaji, wilayani Ngorongoro. Damiano alipolisikia jina la Piyaya alikaa kimya siku mbili. "Huko hata hindi moja halioti," akasema siku ya tatu.

Ester alikwenda, akajifunza Kimaasai, akapendwa na wanafunzi wake. Na mwaka wa tatu akampenda mtu. Aliitwa Tajewo, bwana mifugo, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, anayezunguka na pikipiki kuchanja ng'ombe wa watu. Ester alimleta Rhotia mara moja, kwa salamu tu, na alisalimia vizuri mpaka hata mimi nikakosa la kusema.

Tatizo halikuwa Tajewo. Tatizo lilikuwa bibi yake. Baba na mama yake walifariki akiwa mdogo, na aliyemlea ni Koko Resiato, mama wa baba yake. "Koko" ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi. Koko huyo alikuwa ameshatamka kwamba binti wa wakulima hajui kulisha watu, kwamba mjukuu wake atakula majani mpaka akonde. Na Tajewo alimwambia Ester bila kuficha, "Amejinyima yeye chakula akanipa mimi. Akikataa, siwezi kumvuka." Ester alimpigia mama yake simu akilia. Vumilia alikuja dukani kwangu akakaa juu ya gunia la unga, akaniambia, "Mama Filbert, furaha ya mwanangu imeshikwa na mwanamke nisiyemjua, na mimi sina hata neno moja la lugha yake."

Kisha habari ikaja kwamba wanakuja kuposa. Atakuja Olais, baba mdogo wa Tajewo, awe msemaji. Watakuja wazee wengine wawili. Na Koko Resiato amesema anakuja mwenyewe aione nyumba. Wakila vizuri na kuzungumza vizuri, mambo yatakwenda. Wakiondoka bila kula, hata mtoto wa darasa la pili anajua maana yake.

Ester alirudi siku tatu kabla, akampa mama yake maagizo. "Mama, nyama iwepo, ya kutosha. Lakini siku wanayokula nyama hawagusi maziwa. Usiweke mtindi. Usiweke maziwa ya aina yoyote. Wala usipake siagi kitu chochote."

Vumilia alitii kama askari. Mtindi uliokuwa umegandishwa kwenye kibuyu alimpa jirani. Chai ikawa ya rangi. Alinipigia simu usiku kuuliza kama mkate ninaouza unatiwa maziwa. Siku yenyewe Ester akafungiwa chumbani na shangazi zake, kwa kuwa binti anayeposwa hatakiwi kuonekana wala kusikika wakati wazee wanazungumza. Tajewo naye hakutakiwa ndani. Kwa heshima ya kwao, mwanamume hakai kula mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe hamkabili mkwe wake uso kwa uso. Kwa hiyo aliachwa kwangu. Alikaa kwenye benchi nje ya duka na soda mkononi, hainywi, akiutazama mlango wa Damiano ng'ambo ya barabara.

Wageni waliingia saa sita. Olais alikuwa mtu mnene wa kucheka, Kiswahili chake kizuri kabisa. Wale wazee wawili walisalimia na kuketi. Koko Resiato alikuwa mwembamba, amenyooka, shuka lake jipya, na macho yake yalianza kupima nyumba tangu kizingitini. Alitazama sakafu, akatazama dari, akanitazama mimi niliyebeba maji ya kunawa, na sidhani kama nilifaulu.

Jikoni mbuzi alikuwa ameiva, amechomwa mpaka mafuta yanatiririka. Na hapo fahari ya miaka kumi na minne ikamjia Vumilia. Alikuwa amevaa aproni yake ya lodji. Alizipanga sahani tano mezani, akachota hamusi kijiko kizima, akaipaka kwenye kila sahani kwa mgongo wa kijiko ikawa duara nyeupe, laini, akaweka nyama juu yake, akadondosha mafuta ya alizeti pembeni. Ningependa kusema nilimwonya. Ukweli ni kwamba nilisimama pale nikaona pamependeza, nikamwambia hata lodji hawawezi hivi.

Tukazipeleka. Damiano akaomba baraka. Akasema, "Karibuni, tule," akachukua nyama yake akaanza.

Hakuna mwingine aliyegusa.

Nilidhani wanasubiri Koko aanze. Koko alikuwa ameinamisha macho kwenye sahani. Alinyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijafika, akavuta shuka akafunika mdomo wake. Wale wazee wawili wakaweka sahani zao chini polepole, kwa adabu. Olais akakohoa. "Baba Ester," akasema, "tunashukuru sana. Kwa kweli tumeshiba. Tulikunywa chai mjini."

Mtu aliyetoka Piyaya jana, akalala Karatu, akafika hapa saa sita mchana, halafu anasema ameshiba! Damiano aliacha kutafuna. Ni mtu mpole, lakini nilimwona shingo ikivimba.

"Nyumba yangu haina sumu," akasema.

"Hakuna aliyesema hivyo, baba," Olais akajibu, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka.

Mimi sikungoja zaidi. Nilitoka mbio nikavuka barabara, nikakoswakoswa na bodaboda, na matusi aliyonipa sikuyasikia vizuri. Tajewo alisimama aliponiona.

"Wamekula, mama?"

"Hawajagusa! Bibi yako amefunika mdomo. Damiano anataka kulipuka."

"Mmewapa nini?"

"Nyama ya mbuzi. Hakuna maziwa, hakuna mtindi, mama mkwe wako alikagua mpaka mkate. Nyama na hamusi basi."

"Hamusi iko wapi? Bakuli la pembeni?"

"Chini. Nyama imekaa juu yake."

Tajewo alishika kichwa kwa mikono miwili, soda ikamwagika kwenye viatu vyangu. "Mama yangu! Wanaona mtindi mzito, na nyama imelazwa juu yake. Maziwa ni ya ng'ombe aliye hai, nyama ni ya aliyekufa. Havilali tumbo moja siku moja. Koko hajavichanganya tangu azaliwe."

"Basi nenda kawaambie si maziwa!"

"Nikiingia mle ndani sasa, mbele ya mama mkwe, chakula kikiwa mezani, nitakuwa nimeharibu kuliko hiyo sahani."

Nikarudi mbio. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na sisi tulikuwa tumepapasa gizani mchana kweupe. Ester angeweza kutuambia, lakini alikuwa chumbani; na hata angekuwa jikoni, nadhani asingeliona, maana kwake hamusi ni dengu tangu lini sijui, hawezi tena kuitazama kwa macho ya mgeni. Nilimkuta Vumilia amekaa kwenye kigoda, aproni usoni. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

Aliishusha aproni. "Nimegawa mtindi wangu," akasema. "Nimewanyima watu chai ya maziwa. Halafu nikakaa nikawachorea maziwa kwenye sahani!" Na badala ya kulia akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi niliyekuwa na hofu nikajikuta nacheka naye, huku sebuleni posa ya mtoto inakufa.

"Nenda kawaambie basi," nikamwambia.

Akajipangusa macho. "Mama Filbert, mtu akishaona maziwa, ukimwambia si maziwa anaona maziwa na mwongo. Nishikie sufuria ile."

Alibeba kinu yeye mwenyewe, mchi ukiwa ndani. Mimi nilimfuata na sufuria ya dengu zilizochemshwa zilizobaki, beseni la maji, na kibakuli cha ufuta, vitunguu saumu na ndimu. Tuliingia sebuleni. Damiano alikuwa amekwishasimama.

"Baba Ester," Vumilia akasema, "naomba ukae kidogo." Akaketi chini sakafuni, mbele ya miguu ya Koko Resiato kabisa, akamsalimia shikamoo, kisha akachota dengu tano kwenye sufuria, za kahawia, na maganda yake, akamwekea kiganjani. Hakueleza kitu. Koko alizibonyeza kwa vidole. Alizinusa. Akamtazama Olais, Olais akainua mabega.

Vumilia akamwaga dengu kwenye beseni, akazisugua. Maganda yakaelea. Akazichota zikiwa zimebaki manjano, akazitia kinuni na vitunguu saumu, akaanza kutwanga. Nakwambia, sijawahi kuiona ile kazi ikitazamwa hivyo. Wale wazee wawili walisogea mbele kwenye viti. Mchi ulikwenda juu na chini, dengu zikavunjika, zikawa unga wa majimaji. Ukaingia ufuta, ukaingia ndimu, yakaingia maji kidogo, na taratibu, mbele ya macho ya watu wote, kile kitu cha manjano kikaanza kuwa cheupe.

Olais ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alipiga paja lake kofi kubwa. "Haya ni maharage!"

"Ni dengu, baba," Vumilia akasema huku akitwanga. "Zimeota hapo nyuma ya nyumba. Ng'ombe hajapita hata karibu."

Olais akamgeukia mama yake akamwambia kwa Kimaasai, maneno mengi, mikono ikionyesha kinu, beseni, shamba lililo nje ya dirisha. Koko alikuwa anakitazama kinu. Alishusha shuka kutoka mdomoni, akainama, akachovya kidole mlemle ndani, akalamba.

Sote tulimtazama. Akachovya tena. Halafu akasema kitu kwa sauti ndogo, na Olais, yule mtu wa kucheka, akakitafsiri bila hata tabasamu.

"Anauliza kama anaweza kupewa bakuli," akasema. "Hana meno, mama. Miaka mitatu sasa. Kwenye sherehe zetu anakunywa supu anasema ameshiba, nyama yake anawagawia wajukuu. Sisi wenyewe tulichelewa kujua."

Vumilia alimjazia bakuli. Koko akala kwa kidole, polepole, hakuacha hata pembeni mwa bakuli. Alipomaliza akalinyoosha liongezwe. Wale wazee nao wakavuta sahani zao, nyama ya mbuzi ikaanza kushughulikiwa kama ilivyostahili, na Damiano akaketi akawaambia waichovye vizuri, chini ndiko kwenye utamu, na mchicha wakiutaka na hiyo waseme.

Koko akala bakuli la pili mpaka nusu. Kisha akainua kichwa akauliza swali, na Olais akalitafsiri: "Anasema, huyo binti anajua kutwanga hii?"

Kabla Vumilia hajafungua mdomo, sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia, kwa Kimaasai safi na kwa nguvu zote. Ester! Binti anayeposwa, asiyetakiwa kusikika! Nilisikia shangazi zake wakimkemea na kitu kikianguka. Damiano akafumba macho kwa aibu. Baadaye Ester aliniambia alichosema ni "Najua, Koko, na maganda natoa yote!"

Koko Resiato alilitazama lile pazia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona ufizi mtupu kutoka upande hadi upande, alikuwa anacheka. Akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyokuwa wazi kwenye kochi, karibu naye, akaita.

Ester akatoka, uso chini, khanga kichwani. Koko akamkalisha, akamshika mkono akaugeuza akaukagua kiganja, kisha akamwambia Olais maneno mafupi. Olais alisimama kabisa kuyasema. "Mama anasema, siku mtakayomleta Piyaya, aje na kinu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na kila mtu aliyekuwa sebuleni alilijua. Damiano akanyanyuka kushikana mikono na wazee, akawashika wote mara mbilimbili. Vumilia akasema, "Achukue hikihiki," akaondoka haraka kwenda jikoni.

Nilimfuata. Nilimkuta anaosha sahani zilizokuwa safi, machozi yanadondokea kwenye maji.

"Mama Ester, si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho hasa," akasema. "Ni kwamba mpaka sasa hivi nilikuwa nahangaika wamkubali, sikuwahi kufikiria kwamba wataondoka naye. Niache nilie kidogo. Nikimaliza nitapiga vigelegele."

Nikamwacha alie, nikalia naye kidogo kwa sababu Ester nilimnyonyesha mara mbili mama yake alipokuwa mgonjwa. Kisha akajikausha kwa aproni, akatoka mpaka mlango wa mbele, akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia Karatu mjini.

Ng'ambo ya barabara Tajewo aliruka kutoka kwenye benchi. Alivuka bila kuangalia kulia wala kushoto, akapita lango, akafika katikati ya uwanja, meno yote nje, na hapo akakumbuka yuko wapi. Akasimama ghafla, chupa mkononi, hajui aende mbele au arudi.

Na Vumilia, Mnyaturu wa kambi ya kahawa, aliyewahudumia watu wa dunia nzima bila kumwogopa yeyote, alimwona mkwe wake, akageuka kwa haraka, akainua aproni yake akaufunika uso.